Mabega ya Noelene

Kila majira ya baridi kwa miaka tisa, Noelene Nitschke alikalishwa ndani ya tangi la ndege, akafunikwa blanketi bichi kuanzia utosini, na mumewe akachomelea mabomba ya chuma kumzunguka. Cheche zilidondoka juu ya blanketi na kuzimika. Humo ndani kulinuka sufu iliyoungua. Mke mwingine angekuwa ameshatafuta wakili. Noelene alishika usukani, akafumba macho, akaendesha.

Hilo la kuendesha hakumwambia mtu. Mtu mzima, bibi wa wajukuu, anayefanya mdomo kama injini chini ya blanketi bichi, atalisemaje mezani?

Tangi lenyewe lilitengenezwa zamani za vita, la kuning'inizwa tumboni mwa ndege ya kivita na kuangushwa mafuta yakiisha. Merv alilikuta kwa mkulima mmoja karibu na Orroroo. Nusu moja ilikuwa hori la maji ya kondoo, na nusu nyingine imeota mnanaa. Alirudi nalo nyumbani Peterborough akiwa na uso wa bwana harusi. Watu wanaoshindana kwa kasi kwenye ziwa kavu la chumvi wanayapenda matangi hayo kuliko baadhi ya ndugu zao, kwa kuwa ni ya mviringo na membamba, na upepo unayapita bila ugomvi. Weka injini nyuma, magurudumu nje, mtu mmoja katikati, na tayari una gari la kupeleka kwenye chumvi.

Merv alikuwa fundi mstaafu wa reli na mikono yake haikujua kukaa bure. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeweza kuchomelea bomba juu ya kichwa chake mwenyewe. Kile kizimba cha mabomba ndicho kinachomlinda dereva gari likibingirika, kwa hiyo ni lazima kimkae mwilini vizuri. Basi alihitaji mwili wa kukaa kwenye kiti wakati yeye anapima na kuchomelea, na mwili uliokuwa karibu ulikuwa wa mkewe.

"Mimi na wewe saizi moja," alisema siku ya kwanza kabisa, akimpa blanketi.

Ilikuwa kweli mwaka waliooana. Wakati ule walikuwa wakivaliana maovaroli. Noelene akitoka kulisha kuku na la Merv, Merv akienda karakana ya reli na la mkewe, na hakuna aliyegundua mpaka jioni. Tangu hapo Merv alikuwa ameongezeka mabega, kifua na kitambi cha heshima, na majira ya baridi yaliyopita madaktari walimwekea nyonga ya chuma. Lakini kichwani mwake aliendelea kuwa yule kijana wa maovaroli, na mkewe hakuona sababu ya kumvua ujana huo.

Noelene naye kwa miaka thelathini alikuwa dereva wa basi la shule, akikusanya watoto wa wakulima kwenye barabara za vumbi. Hakuwahi kutozwa faini hata moja. Malori ya kondoo yalimpita, matrekta yalimpita, na mara moja alipitwa na mchungaji wa kanisa lao aliyekuwa akivuta trela la viti. Watoto walimwita Bi Nitschke mbele ya uso wake na Konokono nyuma yake. Alijua, na iliwahi kumuuma zaidi ya alivyoonyesha.

Mwezi wa Februari habari njema ikaja: Ziwa Gairdner lilikuwa kavu. Miaka miwili mfululizo mvua ililigeuza kuwa uji wa chumvi na mashindano yakafutwa, watu wakarudi na magari yao yakiwa hayajashushwa kwenye matrela. Mwaka huu chumvi ilikuwa ngumu. Merv alipaka tangi rangi ya njano, akaandika jina lake, M. Nitschke, ubavuni kwa herufi nyeupe, akamwita Kelvin Zerk aje kulikagua nyumbani. Kelvin ni rafiki yake wa miaka mingi na ni mkaguzi wa klabu ya mashindano. Ukimwalika lazima uoke kitu, kwani anakagua vizuri zaidi akiwa anatafuna.

Kelvin aligonga kila kiungo, akavuta kila mkanda, akasifu breki na parashuti ya kusimamishia. Kisha akamtaka Merv aingie akiwa amevaa kila kitu: ovaroli nene la kuzuia moto, glavu, helmeti, mikanda yote imefungwa. Sheria inasema dereva afungue vyote na asimame nje peke yake ndani ya nusu dakika, bila kushikwa mkono.

"Haya mzee, moto umewaka," Kelvin alisema, akabonyeza saa yake.

Merv alifungua mikanda upesi. Akainuka, na bega la kulia likagonga bomba. Akajisogeza, la kushoto likagonga lingine. Alijaribu kutanguliza bega moja, lakini nyonga mpya haikutaka kujikunja hivyo. Helmeti ilikuwa inagusa bomba la juu tangu mwanzo. Kwa muda kulisikika mihemo tu, na neno moja ambalo Walutheri hawalisemi mbele ya wageni. Kelvin alimaliza kipande chake cha keki, akairudisha saa mfukoni.

"Ndugu yangu, hapo ulipo umeshaiva," akasema. "Tutafute chumvi tu."

Ikabidi wamtoe kwa sabuni ya vyombo, Noelene akivuta ukosi na Kelvin akisukuma kwa chini. Alipotoka aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na hakucheka. Kelvin alimweleza kwa upole kwamba mabomba hayo yangepaswa kukatwa yote na kuanzwa upya, na hata hivyo tangi halitanuki. Si kazi ya wiki mbili zilizobaki. Ni majira mengine mawili ya baridi, na Merv alikuwa anaelekea sabini.

Noelene alikuwa akimimina chai. Hapo ndipo alipogundua kwamba ana furaha. Ilimpanda kama chafya kanisani, na aibu ikaja nyuma yake mbio. Mumewe amevunjika moyo pale kwenye ndoo, na yeye anawaza kwamba mabomba yale hayajawahi kumgusa bega.

Usiku kucha alijisema. Tangi ni la Merv, ndoto ni ya Merv, jina ubavuni ni la Merv. Asubuhi alisikia grenda ikiwaka bandani, akatoka mbio na ndala.

"Zima hiyo," akasema.

Merv hakusikia. Noelene akachomoa waya ukutani.

"Usikate," akasema. "Linanitosha mimi."

"Najua linakutosha. Ndiyo maana nalikata."

"Merv, nataka kuliendesha."

Merv alivua miwani ya kazi ili amwone vizuri. "Wewe? Wewe unayepiga honi ukitoka kwenye geti letu wenyewe?"

"Mimi huyo huyo."

"Tangu lini?"

"Tangu bomba la pili."

Alihesabu kichwani, ilionekana. Bomba la pili lilikuwa la miaka minane nyuma. "Muda wote huo umekaa humo, umenyamaza?"

"Ulinifunika blanketi, mzee. Ulitaka niongee na nani?"

Merv aliweka grenda chini, akaenda kumwagilia nyanya ambazo Noelene alikuwa ameshazimwagilia. Noelene alirudi jikoni akatengeneza sambusa kubwa za nyama na viazi, akizibana kingo kwa hasira, na alilia kidogo, si kwa huzuni ila kwa ghadhabu ya mtu aliyechelewa miaka minane kusema neno moja. Aliamua kwamba Merv akikataa atakubali, wala hatalirudia jambo hilo tena. Kwa nusu saa aliamini kweli kwamba angeweza.

Walikula. Merv akarudi bandani. Baada ya muda akasikika akiita.

"Mama! Njoo ukae. Nataka nione kama hiyo mikanda inakufika."

Alipoingia alikuta rangi mbichi ya njano ubavuni mwa tangi. Herufi M ilikuwa imefutwa. Mahali pake Merv aliandika N, imepinda kidogo, na jina la ukoo akaliacha lilivyo. Mtu mchoyo wa rangi huyo, hata katika saa ya kujitoa.

Huko ziwani kuna adabu zake. Kabla ya kupanda kwenye chumvi unapiga magurudumu brashi, vumbi jekundu la barabarani libaki huko huko lilikotoka. Kila gari linalosimama linatandikiwa turubai, na tone la oili likiangukia chumvi watu wanakuangalia mpaka unatamani kurudi kwenu. Noelene alipenda mahali hapo tangu dakika ya kwanza. Hapakuwa na kona, wala geti, wala mtoto wa kusubiri.

Kwenye ukaguzi alitoka ndani ya tangi haraka kiasi kwamba Kelvin alimwomba arudie.

"Shemeji, nilikuwa sijabonyeza saa," akasema.

Akarudia, akasimama nje amemaliza kuvua glavu. Madereva wawili wa jirani waliokuja kumcheka walibaki wanaulizia sambusa alizokuja nazo.

Zamu yake ilipofika, Merv alimfunga mikanda mwenyewe. Alikaza kila mmoja mara mbili, polepole.

"Gia ya tatu iingize taratibu," akamwambia. "Ina kiburi."

"Najua. Nimeiingiza mara nyingi."

Merv alitaka kucheka, ikashindikana. Alifunga kifuniko, akapanda pikapu, akalisukuma tangi kwa nyuma mpaka lilipopata mwendo na injini ya zamani ya gari la Holden ikashika. Kisha akaachia. Tangi likaenda.

Noelene alipita kasi ya basi akiwa bado gia ya pili. Aliitambua kwa sauti, akaiaga. Mstari mweusi uliochorwa kwenye chumvi ulikuja kwake ukiwa umenyooka, na gia ya tatu ilikubali bila neno. Chini ya blanketi alikuwa amekosea jambo moja tu: siku zote alidhani atasikia hofu, na kila mwaka alijiandaa kuivumilia. Haikuja. Alichosikia ni mtikisiko kwenye nyayo, upepo uliokataa kumshika, na mwili wake mzima ukiwa mahali pake, hakuna bomba linalogusa popote. Aliwakumbuka wale watoto wa basi, ambao sasa ni wakulima wenye vitambi, na akakanyaga.

Alipovuka alama za mwisho alivuta parashuti, akateleza mbali sana, akasimama peke yake katika weupe. Kasi yake haikuvunja rekodi ya mtu yeyote. Wageni hawaruhusiwi kukimbia sana siku ya kwanza, na Noelene si mtu wa kuvunja sheria.

Merv alifika na pikapu, akashuka akichechemea. Kwanza alitandika turubai chini ya injini, maana sheria ni sheria. Kisha akafungua kifuniko. Noelene alikuwa amevua helmeti, nywele zimelala upande mmoja, na uso umemwiva.

"Toka basi, mama," akasema.

"Bado kidogo."

Merv alifikiri, akaona hana haraka. Alichukua chupa ya chai kwenye pikapu, akaketi kwenye kona ya turubai, mguu wa nyonga mpya ameunyoosha, akampitishia kikombe kwa juu. Walikunywa. Upande wa pili wa ziwa watu walionekana wadogo sana.

"Una kinyongo?" Noelene akauliza. Alikuwa na swali hilo tangu Peterborough.

"Nilidhani nitakuwa nacho." Alikizungusha kikombe mkononi. "Nimelitengeneza miaka tisa, Noelene. Kama ningekuwa humo ndani mimi, ningeona chumvi na kioo, basi. Leo nimesimama nikaliona linaondoka. Nimeliona mpaka likawa dogo."

Alipenga kwa kitambaa cha oili, akabaki na mstari mweusi chini ya pua, na mkewe hakumwambia.

"Likoje?" Noelene akauliza.

"Zuri," Merv akasema. "Zuri kuliko nilivyofikiri."

Redio ya pikapu ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Kelvin, mdomo umejaa, akiuliza mbona gari halirudi, na kama dereva amekwama apelekewe sabuni. Merv aliinuka kwa taabu, akaingiza mkono dirishani, akabonyeza kitufe.

"Hajakwama," akasema. "Amekataa kutoka."

Kisha akarudi kwenye turubai na kummiminia kikombe kingine.