Sifuri ya Fundi Cherehani

Tulimwita Bi Sekunde. Kila kitu alikiandika kwa dakika na sekunde, hata muda wa birika kuchemka. Utafiti wetu ulihusu muziki wa wazazi na watoto wadogo nyumbani. Mtoto alivalishwa kizibao chenye kinasa sauti kutwa nzima, kisha Bi Sekunde alisikiliza ofisini na kuandika nani kaimba, na kwa muda gani.

Nyumba ya kumi na saba ilimnyima raha. Ilikuwa ya mama mmoja fundi cherehani, na fomu ilisema: muziki, sifuri.

Fundi alikubali utafiti kwa sababu moja. Mwanawe wa miaka miwili na nusu alikuwa na maneno matatu tu, na mama mkwe alishatoa hukumu. Siku Bi Sekunde alipokwenda kuchukua kizibao, bibi huyo alisema mbele yake, "Mtoto atatoa wapi maneno? Mamaye mdomo kaushona kwa uzi wake mwenyewe."

"Mama, mimi nikiimba kuku wanahama," fundi alijibu akicheka. Lakini mlangoni alimshika Bi Sekunde mkono. "Dada, karatasi yenu ikisema kosa ni langu, niambie mimi kwanza."

Sasa majibu yalitakiwa kesho yake.

"Sifuri nayo ni jibu," msimamizi alisema. "Ipeleke."

Bi Sekunde alikaa, akainuka. Aliosha kikombe kilichokuwa safi, akakiosha tena. Mwishowe alivaa hedifoni, akaanza upya.

Mwongozo ulisema: kelele za mashine, ruka. Naye ni mtu wa kufuata mwongozo. Kila cherehani ilipolia, alikuwa ameruka. Safari hii hakuruka.

Cherehani ilikanyagwa mara tatu, ikanyamaza.

"Ta!" akaitikia mtoto, na bati likagongwa.

Mara tatu tena. Kimya. "Ta! Ta!" Mama akacheka chinichini. Mtoto akagonga polepole, cherehani nayo ikapunguza mwendo, ikimfuata. Dakika nne, sekunde kumi na mbili. Siku ile walicheza hivyo mara kumi na moja.

"Maneno yako wapi?" msimamizi aliuliza alipoiona fomu mpya.

"Fomu inauliza muziki, Mzee. Maneno haikuuliza."

Msimamizi alisikiliza, akavua hedifoni taratibu. "Na zile nyumba kumi na sita? Nako uliruka?"

Bi Sekunde alikuwa ameruka kote: kinu, ufagio, ndoo.

Kesho yake alimsikilizisha fundi peke yake kwanza, kama alivyoombwa. Fundi aliweka mkasi chini.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Kuhusu maneno, mdogo wangu, sina ujuzi. Mpeleke akapimwe masikio. Lakini nyumba hii si kimya, na karatasi yangu ilikusingizia."

Fundi alifuta macho kwa kipande cha kitambaa. Kisha akapaza sauti: "Mama! Njoo usikie!"

Bibi alikuja, akasikiliza kichwa upande. "Si cherehani tu hiyo?"

Ndani ya kinasa, cherehani ikanyamaza. Mtoto mwenyewe, aliyekuwa pale chini ya meza, akagonga bati. "Ta!"

Bibi alimtazama mjukuu, halafu mkwewe. "Hebu rudisha hapo," akasema, akavuta kigoda.

Bi Sekunde alirudisha. Chai aliyopewa aliiacha nusu. Nyumba kumi na sita zilizobaki kusikilizwa upya zilikuwa zikimwasha masikioni.