Saumu za Wakala

Wakala wa kazi za ng'ambo huja kwa Bi Khairiya Jumatatu na Alhamisi tu. Viatu huvivua nje kabisa, sauti huishusha, na vidole vyake vyembamba haviachi tasbihi. Husema kule ng'ambo, milimani, hoteli zimejaa watalii na watu wa kutandika vitanda hawapatikani. Maisara, binti wa nyumba, atafaa sana. Kahawa haigusi, halua haionji. “Uniwie radhi, mamangu, nimefunga sunna.” Moyo wa Bi Khairiya ulikataa tangu mwanzo, ila saumu zile zilimlainisha, na Alhamisi hii akamkabidhi pasipoti ya mwanawe. Alasiri ile ile akamkuta wakala ufukweni pa Mama Ngina, anatafuna mihogo ya kukaanga, pilipili na ndimu zikimtiririka vidoleni. Wala hakuificha. “Karibu, mamangu,” alimwambia.