Bastola Iliyopiga Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, nikiwa kijana mtunza stoo ya silaha katika mgodi wa dhahabu upande wa Geita, shemeji yangu Lushinge aliingia na kuiweka bastola mezani kwangu kwa kishindo. Akasema imeharibika. Hakunisalimu. Mimi ndiye niliyemuoa dada yake, na kwetu shemeji na shemeji hawapitani bila kujuliana hali, kwa hiyo nikajua jambo ni zito.

Ngoja kwanza nikueleze, mwanangu, maana ninyi mgodi mnaujua kwa mashimo ya wachimbaji wadogo na vurugu zake. Miaka hiyo ya sitini, Uhuru ukiwa bado mchanga, mgodi wetu ulikuwa na uzio, king'ora, na walinzi wa sare za kaki zilizopigwa pasi ya mkaa. Wengi walibeba virungu. Wale wachache waliosindikiza dhahabu ndio waliobeba rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Msindikizaji alipewa nyumba ya bati na watu walimpisha njiani. Lushinge alikuwa msindikizaji. Kazi yangu mimi ilikuwa kuzisafisha hizo bastola, kuzipaka mafuta, kuzifungia kabatini na kumkabidhi anayeingia zamu.

Sasa mkuu wa walinzi, Mzee Athumani, alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi kila msindikizaji atapimwa shabaha, na atakayeshindwa atarudi kwenye kirungu. Lushinge akaenda kufanya mazoezi. Alilenga kifua cha mtu wa karatasi, akamtoboa goti. Akarudia, risasi ikaenda pale pale, chini na kushoto kidogo. Wenzake wakamcheka sana. Ndipo akasema bastola imeangushwa stoo.

Unaona mambo yalipofikia? Bastola ikiwa mbovu, mtunzaji ni mimi, na kazi sina. Bastola ikiwa nzima, Lushinge anatoka kwenye nyumba ya bati na watoto wake. Usiku nilimweleza mke wangu. Alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na maneno hayakuwa mengi kinywani mwake.

"Mmoja mume wangu, mwingine kaka yangu," alisema. "Malizaneni wenyewe, mimi msinitie katikati."

Kesho yake Lushinge alikuja na shauri. Alitaka nichukue tupa nikichonge kile kijino cha kulengea kilichoko mbele, juu ya mtutu. Kikipungua, mpigaji hulazimika kuinua mtutu zaidi ili akione, na risasi hupanda. Hapo alisema kweli, ndivyo bastola zilivyo. Nikaona hilo ndilo la kutuponya sote. Atafaulu, nami nitabaki na kazi yangu, na nyumbani tutakula kwa amani. Nikaibana bastola kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, na kushika tupa.

Mzee Athumani akaingia. Alikuwa mtu wa Shinyanga mjini, Mswahili wa kanzu na kofia kila Ijumaa, aliyewahi kupigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Hakupenda kupayuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unachonga nini?"

Nikamweleza. Akaitoa bastola kwenye jiliwa, akaipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Chuma ukishakipunguza, utakirudishia kwa ugali? Umeikagua?"

"Nimeikagua, mzee. Sioni kitu."

"Umeipiga?"

"Sijaipiga."

"Basi hujaikagua. Mwite shemeji yako."

Tukaenda nyuma ya kilima cha kifusi, mahali pa kufanyia shabaha, na walinzi waliokuwa mapumzikoni wakatufuata. Mzee hakuwa na haraka. Alikitikisa kijino kwa kidole kuona kama kimelegea. Akaigeuza bastola tupu kuelekea kwenye mwanga, akachungulia mtutu ndani na kupapasa mdomo wake, maana mdomo ukiwa na pengo hata dogo hupotosha risasi. Akaichezesha silinda. Akaangalia kama risasi zote ni za aina moja. Kisha akalaza mikono juu ya gunia la mchanga ili isitikisike, akapiga. Matundu yakakaa kifuani, karibu karibu. Akasimama, akapiga bila gunia, nayo yakakaa pale pale.

"Wewe umeizoea, mzee," Lushinge alisema.

"Hii sijawahi kuishika kabla ya leo."

Mzee akatugeuzia mgongo. Akachanganya risasi nzima na maganda yaliyokwisha kupigwa, akayajaza kwenye silinda, akaizungusha na kuifunga, hata yeye asijue lipi litatangulia. Akampa Lushinge. Ya kwanza ilikuwa risasi, ikaenda gotini kama kawaida. Ya pili ilikuwa ganda. Haikulia, ila kila mtu aliona mtutu ukiinama kwa nguvu, kama mtoto anayeamkia wakubwa. Hakuna kilichousukuma ila mkono wa Lushinge.

Nilicheka, mwanangu. Nilicheka kwa sauti, kwa raha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na walinzi wakacheka nami. Lushinge alisimama pale ameshika bastola, anatazama chini.

"Njoo na wewe," Mzee Athumani akaniambia.

Akazungusha silinda tena. Nilijua kabisa maganda yamo. Nikajikaza, nikalenga, nikavuta triga. Ganda. Mtutu wangu ukainama kuliko wa shemeji. Kicheko kikaisha.

"Ulikuwa unacheka nini?" mzee akauliza. Akamgeukia Lushinge, akamuuliza bunduki alijifunzia wapi.

"Ushirombo, porini. Kwa baba. Gobore."

Gobore hulijui wewe. Ni bunduki ya kushindilia baruti mtutuni. Ukivuta triga, fataki inalipuka karibu na uso wako, baruti inawaka kwa kujivuta, halafu ndipo mshindo unakuja na kukupiga bega. Anayekua na gobore hujifunza kufumba macho na kuikandamiza bunduki kabla haijalia. Tulidhani maelezo yameishia hapo. Lakini Lushinge akaendelea, taratibu.

"Jicho la kulia la baba lilikwenda na gobore. Mimi ndiye niliyemshika mkono kumrudisha nyumbani."

Nilikuwa nimekula na mtu yule miaka yote ile, baba yake chongo nilimjua na kumlipa mahari, na sikuwahi kuuliza jicho lilikwenda wapi. Niliona aibu, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko changu naiona tena.

Mzee Athumani akampa dawa. Bastola tupu, kiberiti kimelazwa juu ya mtutu, macho wazi, uvute triga polepole mpaka ilie tik na kiberiti kisianguke. Akasema nami nifanye, maana mtunza silaha asiyeweza kuzijaribu anatunza vyuma tu. Tukafanya wote wawili kila jioni pale stoo, tukiokota kiberiti sakafuni na kutaniana. Siku ya kupimwa Lushinge alilenga kifua, risasi zikakaa kifuani. Aliporudisha bastola alinishika mkono, akaniuliza habari za dada yake, akaondoka.

Sasa fikiri jambo hili, ndilo lililonifanya nikuite ukae. Kama ningekichonga kile kijino, bastola ingefuata hofu ya Lushinge. Na siku hofu ilipomtoka, kwa bastola ile ile, risasi zake zingepita juu ya kichwa na angeshindwa. Msaada wangu ndio ungemnyang'anya ile nyumba.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ikikuendea upande, usikimbilie tupa. Kikague kifaa, kisha kipe mkono mwingine kijaribiwe. Kikiwa kizima, rudi kwako mwenyewe bila kuona haya. Na ukimwona mwenzako anakosea kila siku kosa lile lile, muulize ametoka wapi nalo kabla hujacheka, na kabla hujamsaidia kulificha. Mimi nilitaka kulificha nikadhani ndio upendo.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na macho yasiyofumba. Akupe na mkubwa wa kukupokonya tupa mapema. Haya, nenda salama.