Jezi Niliyoing'arisha

Huwa nacheka nikikisimulia kisa hiki, ila roho bado inaniuma. Nafanya kazi za ndani hapa ughaibuni, mtaa wa JVC, kwa sir mmoja mpole, anayekusanya jezi kuukuu za mpira wa magongo wa barafuni, zile zilizovaliwa mchezoni na wachezaji wenyewe. Siku moja asubuhi aliniambia, "Rehema, jioni mgeni anakuja kuikagua ile nyeupe. Itoe kabatini uiweke mezani."

Nikaitoa. Yarabi, begani doa jeusi, kiwiko kimechanika! Mimi mtoto wa Tanga nimwekee mgeni uchafu? Nikailoweka, nikaifikicha, nikakishona kiwiko mshono usionekane, nikaipiga pasi. Nilijiona fundi kwelikweli.

Mgeni alikuja na lenzi na picha ya zamani: mchezaji kaanguka kwenye barafu, begani doa, kiwiko kimechanika. Akaitazama jezi, akaitazama picha.

"Siyo hii," akasema. "Alama hazipo."

Sir akakaa chini taratibu. "Miaka yote nimeitafuta, kumbe nimeuziwa feki."

Nikaweka chini sinia la kahawa.

"Ni yenyewe, sir. Alama nimezitoa mimi."