Mawese kwenye Tairi ya Baba Mkwe

Kuna aibu mtu anazificha mpaka kaburini, lakini hii yangu wanaijua watu wa Buffalo, Columbus na Louisville, hata video iko, donc, basi, bora niwaambie mwenyewe kabla hamjatumiwa.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, sasa ninakaa Whitehall, hapa Columbus, Marekani, ninafanya kazi kwenye ghala. Mwaka jana nilikuwa ninataka kumuoa Furaha, msichana wa Louisville. Baba yake alikufa zamani, aliyemlea ni baba yake mdogo anayekaa Buffalo, na huyo ndiye wa kusema ndiyo ao hapana. Nikapangiwa kwenda kujitambulisha Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Nilifika Ijumaa, siwezi kukaa kwenye kiti dakika tano, ninasimama, ninatoka nje, ninarudi, mpaka mzee, huyo baba mdogo, akanionea huruma akanipeleka garaji kunionyesha piki yake, zile ndefu za porini, ameinunua kwa mtu, tairi zimekwisha kabisa.

"Furaha anasema ulikuwa motard, unabeba watu na piki kule Uvira."

"Miaka sita, baba." (Hiyo ni kweli.)

"Donc mambo ya tairi unayajua."

"Sana!" (Hiyo sasa ni uongo. Motard gani wa Uvira anafunga tairi mwenyewe? Ikipasuka unasukuma piki mpaka kwa kwado, fundi wa tairi, anatoa, anaziba, anarudisha, wewe uko kivulini unabishana siasa.)

Tukaenda dukani. Muuzaji akauliza udongo wetu ukoje, maana tairi zenye meno marefu yaliyoachana ni za tope, na zenye meno mafupi yaliyokaribiana ni za udongo mgumu. Mimi nikanyooshea kidole zile zenye meno marefu kuliko zote, sababu zilionekana kali, basi. Akasema, "Tunaweza kuwafungia hapa, saa moja tu." Mzee akanitazama. Na mdomo huu wangu ukasema, "Hapana, nitafunga mwenyewe." Kuuliza si ujinga, ndiyo, tunaimbiwa tangu utoto, lakini mbele ya baba mkwe nani anakumbuka?

Jumamosi asubuhi niko garaji peke yangu, tairi ya nyuma inagoma, jasho linatiririka. Nikakumbuka kwado alikuwa anapaka kitu ili tairi iteleze. Ilikuwa maji ya sabuni, lakini kuomba sabuni ni kupita sebuleni mbele ya mashangazi waliokuja na Furaha kutoka Louisville kunichunguza, na pembeni pale kulikuwa na bidoni, dumu la mawese, yale mafuta mekundu ya kupikia karamu ya mchana. Nikamimina. Nikaona haitoshi, nikaongeza. Ndani ya ringi kulikuwa na kichuma kimefungwa na nati, kinanisumbua, nikakitoa nikakitupa kwenye ndoo. (Baadaye ndiyo nilijua kazi yake ni kushika tairi isizunguke peke yake kwenye ringi wakati hewa ni kidogo. Na hewa nilikuwa nimetia kidogo, niliwahi kusikia porini inafanywa hivyo.) Tairi ikaingia plop! Nikajipongeza.

Mchana tukaenda wote kwenye shamba la rafiki yake nje ya mji, na pasta wa kanisa lao, na mashangazi, na nyama ya mbuzi. Mzee akapanda piki na shati yake nyeupe, akapaza sauti, "Mkwe wangu ndiye amenifungia tairi!" Amesema mkwe! Furaha akanifinya mkono, mimi nikataka kuruka. Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili akaongeza mwendo kupanda kilima, ringi ikazunguka, tairi ikabaki, ikachomoka, piki ikalala, mzee akakaa kwenye tope, na mawese yote yakamrukia mgongoni, shati ikawa nyekundu.

"Damu! Mama weee, damu! Wamemuua!" Shangazi mmoja akaanguka chini, pasta akaanza maombi, kijana mmoja akachukua video, mtu akaita ambulansi. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kumfikia mzee. Alikuwa mzima, ananusa vidole vyake.

"Hii ni nini?"

"Ni... mawese, baba."

Ambulansi ikafika na makelele yake, ikabidi nieleze kwa Kiingereza changu kwamba mgonjwa hatoki damu, ni mafuta ya kupikia. "Ya kupikia? Kwenye tairi?" Ndiyo, bwana. Mmoja wa watu wa ambulansi aligeukia gari, mabega yanatikisika kwa kucheka.

Mzee akaniuliza swali moja tu. "Kule Uvira, nani alikuwa anakufungia tairi?"

"Kwado."

"Mmh."

Basi. Tukala, watu wakacheka mpaka machozi, lakini habari ya Furaha hakuigusa. Wiki tano hakupiga simu. Ghalani nilikuwa ninatembea na simu mkononi mpaka mkubwa wangu akanikaripia, usingizi hakuna, na nikaapa mbele ya Mungu kwamba kitu nisichokijua sitakitilia mkono tena.

Halafu akapiga.

"Mashine ya kupasha nyumba joto imezima, na huku Buffalo baridi imeanza. Weye unajua kuitengeneza?"

Jamani, mdomo ulifunguka wenyewe! Nikaubana.

"Sijui, baba. Hata inafunguliwa wapi, sijui."

Nikasikia anacheka polepole.

"Bon. Fundi nimeshamuita. Jumamosi kuja na wazee wako, tuongee mambo ya mutoto wangu."

Nilikaa chini palepale ghalani kati ya maboksi, miguu ikatulia.