Injini ya Upande wa Kulia

Kwa muda mrefu niliamini kuwa kompyuta yangu ndiyo mbovu.

Tulikuwa tumehamia Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege. Asubuhi nikimsaidia kaka yangu dukani kwake, na mchana nikienda Mji Mkongwe kusomesha Kurani chuoni mpaka karibu na magharibi. Starehe yangu ilikuwa moja tu: mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege. Nilijikusanyia mtambo mzima, kompyuta yenye nguvu, kioo cha mtumba kutoka Dubai, na usukani wake. Ndege za kweli zikipita juu ya bati letu, nami chumbani nnarusha zangu. Mke wangu akinicheka.

"Wenzio wakifika umri huu wananunua vespa. We Maalim umenunua ndege isiyotoka chumbani."

Mchezo wenyewe huchezwa kwa masikio kama unavyochezwa kwa macho. Ndege yangu ilikuwa na injini mbili, na kila injini sauti yake: ya kushoto unaisikia kushoto, ya kulia unaisikia kulia. Basi nikaanza kuona ile ya kulia inafifia. Nikabadilisha hedifoni. Nikafungua kompyuta nikapangusa vumbi. Wapi. Nikaamua kuwa kadi ya sauti iliyomo ndani imechoka, na mtoto wa ami yangu aliyekuwa Dubai akaniunga mkono kwenye simu.

"Sauti ya ndani ya kompyuta haina maana," alisema. "Kuna kijisanduku kinakaa nje. Kinaipokea sauti ikiwa bado tarakimu tupu, kinaigeuza ikawa sauti hasa, kisha kinaipa nguvu. Ntakuletea."

Nikiwa nangoja, kukatokea jambo chuoni. Msichana mmoja mdogo, msomaji mzuri, alikuwa mbele yangu na msahafu wake. Akafika penye "thumma", nami nikasikia "summa".

"Toa ulimi," nikamwambia. "Thumma."

Akarudia. Nikasikia vilevile. Nikamrudisha tena, na tena, hata machozi yakaanza kumtoka. Mwalimu mkuu, aliyekuwa mwisho wa mkeka anasikiliza watoto wengine, akainuka akaja.

"Maalim, mtoto kasoma sawa."

Nikasingizia kelele za njiani. Njia yenyewe ilikuwa kimya.

Kijisanduku kilifika wiki ile ile. Kilikuwa cheusi, cha bati, ukubwa wake kama juzuu moja, na mbele kina kitufe cha kuzungusha cha kupandishia sauti. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikakaa nacho mezani. Mke wangu akavuta kiti akashika karatasi ya maelezo, kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na yeye ndiye mwenye macho.

Nikachomeka waya wa USB nyuma ya kompyuta, taa ya kijani ikawaka. Tundu la hedifoni lilikuwa pana na pini yangu nyembamba, nikatia kiungio kilichokuja nacho. Nikawasha mchezo. Kimya.

"Ngoja," mke wangu akasema. "Hapa wanasema lazima uiambie kompyuta ipeleke sauti huku. Bado inaipeleka kulekule ndani."

Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua kile kijisanduku. Sauti ikaja. Nakumbuka nilishtuka kwa uzuri wake: upepo, magurudumu, injini inavyokohoa ikiwaka. Lakini vyote hivyo vilikuwa kushoto. Kulia hakukuwa na kitu.

"Kulia kumekufa," nikasema. "Kiungio hiki kibovu."

Nikakichomoa nikakirudisha. Nikasukuma pini mpaka mwisho. Nikazungusha kitufe, na sikio la kushoto likaniuma kwa ukelele, la kulia halikupata habari. Nikaanza kumlaani mtoto wa ami yangu na maduka ya Dubai.

"Lete nisikilize," akasema mke wangu.

Akavaa, akafumba macho.

"Nnasikia kote."

"Sikiliza vizuri."

"Nshasikiliza. Hii ya kulia hii hapa, inanguruma kuliko mwenziwe."

Nikamvua hedifoni kwa pupa. Nikazivaa kinyume, ya kulia nikaitia kushoto na ya kushoto nikaitia kulia. Ile injini niliyoitafuta miezi yote ile ikanguruma sikioni mwangu, nzima kabisa, haina hitilafu yoyote. Na ile iliyokuwa ikisikika vizuri sasa hivi ikapotea. Kimya hakikuhama na waya. Kilibaki palepale, upande wa kulia wa kichwa changu.

Nikazivua nikaziweka juu ya meza. Mke wangu aliinuka akasimama kuliani kwangu, nyuma kidogo, nisipoweza kumwona mdomo. Baada ya kitambo akaja mbele yangu.

"Nimesema nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nimekutukana," akasema. Alitaka kucheka, uso ukamkataa. "Na mimi nikidhani unanidharau. Nikikwita jikoni huitiki. Kitandani nnazungumza, we umelala ubavu wa kushoto, hunijibu. Nikasema huyu kanichoka. Nimekaa na neno hilo moyoni, wallahi, nimekaa nalo."

Sikujua nimpe pole kwa lipi. Tulikaa pale mpaka kompyuta ikajizima kioo.

Daktari alinipima kwa milio. Akaniambia mshipa wa sikio la kulia umeshakufa na haurudi, na la kushoto nalo linaanza kupoteza sauti nyembamba. Sababu hakuijua. Nilipotoka hapo sikuwaza ndege wala mke wangu. Nilimwaza yule msichana na "thumma" yake.

Nyumbani tukagombana. Mimi nilitaka ninyamaze, chuoni wasijue.

"Ntaangalia midomo yao," nikasema. "Ulimi ukitoka nnauona."

"Na herufi za kooni utaziona wapi?"

"Nnazijua sura zote kwa moyo."

"Wewe unazijua. Wao ndio wanaojifunza. Watu wamekupa watoto wao uwasikilize, Maalim. Husikii."

Nilimkasirikia kwa neno lile, na siku kadhaa nikafanya kama nilivyosema. Nikawakalisha watoto kushotoni, nikawakodolea macho midomoni hata wakaona haya. Kila aliyesoma nikamwambia vizuri, vizuri. Hakukuwa na mtoto niliyemrudisha. Wao walifurahi, nami nikirudi Kiembe Samaki nimebeba kitu kizito kifuani, kwa sababu sikujua nani kati yao kasoma vizuri kweli.

Mwisho nikamfuata mwalimu mkuu, nikamweleza. Hakunitazama; alikuwa akikunja mkeka.

"Inna lillahi," akasema, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Kisha akauliza, "Kuandika unaweza?"

"Naweza."

"Basi chukua wale wadogo, wafundishe hati. Usomaji ntampa mwengine."

Hakuwa na ubaya. Lakini jinsi jambo lilivyokatwa upesi, kama kubadilisha mtu wa kufagia, liliniuma kuliko maneno ya daktari. Darasa langu alipewa kijana niliyemsomesha mwenyewe. Aliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo Maalim," kwa sauti kubwa mno, nikajua kuwa ameshaambiwa.

Siku ya mwanzo na wale wadogo nilishika chaki nikaandika alifu ubaoni, kisha be, kisha te. Nikawaambia wazitamke pamoja. Mgongo wangu ulikuwa kwao, na nyuma yangu palikuwa na mvumo usio na maneno. Sikujua kama wanasoma au wanacheka. Nikageuka kuwatazama.