Mkasi na Mwiko

Vedasto amepunguza suruali za watu wa Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, miaka na miaka, mpaka mgongo wake nao ukapinda kama pindo. Ni fundi cherehani, ila hilo neno "fundi" limemponza. Waswahili wa Stockholm humletea redio, humletea baiskeli, na Sixte, jirani Mrundi, aliwahi kumletea meno ya bandia yaliyovunjika.

Kiangazi alikwenda Uskoti kwenye harusi ya mpwa wake. Wenzake wakipiga picha, yeye alikutwa amechuchumaa makaburini, nyuma ya kanisa kongwe, mbele ya jiwe la mshonaji wa zamani. Lilichongwa mkasi na pasi, na juu yake taji. Mwenyeji mmoja alimweleza kwamba taji lilikuwa heshima ya chama cha mafundi. Mhunzi alichongewa nyundo, mkulima jembe. Hata asiyejua kusoma alijua aliyelala pale hakuwa mtu hivi hivi.

Vedasto akarudi na jambo moja moyoni.

"Mama Kamila," alimwambia mkewe Gaudiosa, akimwonyesha picha kwenye simu, "sisi tutalala chini ya jiwe kama hili."

"Uchuro huo! Mtu mzima unajiagizia kaburi kama unaagiza sofa?" Gaudiosa akaikuza picha. "Na hili fuvu na mifupa? Huyu aliuawa na umeme?"

"Wanakumbushwa tu kwamba kuna kufa."

"Kwetu fuvu liko kwenye transfoma, maana yake kaa mbali. Nami nitakaa mbali. Lala peke yako!"

Vedasto alinywea. Jiwe alilitaka, lakini si la upweke.

"Fuvu nitaliondoa."

"Kwani lazima picha? Andika FUNDI, yaishe."

"Niandikwe fundi! Wataniletea friji mpaka kaburini!"

Binti yao Kamila alipaliwa na chai. "Men pappa!" akalia kwa Kiswidi, yaani baba jamani.

Gaudiosa hakucheka. Bado alikuwa anaikodolea simu. "Mke wa huyu yuko wapi?"

Vedasto akamwonyesha herufi mbili, chini kabisa pembeni.

"Kampikia umri wake wote, kaambulia herufi mbili?"

Hapo Vedasto akaona tundu la kupitisha sindano. Gaudiosa ni mpishi wa shule, na watoto wa Kiswidi humpenda kuliko mwalimu mkuu. "Wewe utachongewa mwiko."

Gaudiosa akaiweka simu chini. "Wa ugali au wa pilau?"

Siku ya kwenda Sundbyberg kwa Thomas, mchonga mawe, Gaudiosa alibeba mwiko wenyewe, ule mkubwa wa shughuli. Thomas aliugeuza huku na huku, akauliza kwa adabu kama mama alikuwa mpiga makasia.

Walipoelewana, Thomas akachukua penseli. "Na taji? Juu ya mkasi, siyo?"

Vedasto akafungua kinywa. Gaudiosa akauchukua mwiko wake mezani, taratibu, akaanza kuurudisha mfukoni.

"Juu ya mwiko," Vedasto akasema upesi. "Weka juu ya mwiko, kaka. Kwa baridi ya huku, nani alale peke yake?"